Miche inazama Katoyi: homoni ya kichupa haiwezi kufanya kazi ya mufereji

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama mnaobaki Katoyi wakati mabwana wako kwenye mashimo: kila mwaka, mvua za mwezi wa tatu mpaka wa tano zinaua miche mingi hapa kwetu. Haifi kwa jua, inafa kwa maji. Udongo wetu ni mwembamba, chini yake kuna makoro tu. Goma haina mto wa kubeba maji. Yanateremka ziwani ao yanaingia kwenye nyufa za jiwe, na pale nyufa zimezibwa na takataka na sashe, yanalala kwenye kiwanja. Nyanya haivumilii hiyo hata siku mbili.

Tangu M23 ilipoingia Goma mwisho wa Januari 2025, mabenki yalifungwa, uwanja wa ndege ulifungwa, na bei ya sokoni kila mama anaijua bila mimi kuiandika. Kwa hiyo familia ya mchimbaji inapopanda vitanda viwili nyuma ya nyumba, si mambo ya kupitisha wakati. Ni chakula. Na penye shida kama hiyo muuzaji hakosi. Njo pale inaingia habari ya "homoni ya kukinga miche na maji".

Neno lenyewe si uongo. Mimea iko na homoni zake, na wataalamu wanaweza kuzitumia. Lakini kwanza tuelewe nini inaua mche.

Mizizi inapumua. Mchimbaji anaelewa hiyo kuliko profesa: galeri ikijaa maji na motopompe imekufa, aliye ndani hafi kwa kiu. Ndani ya maji, oksijeni inatembea polepole mara 10,000 hivi kuliko ndani ya hewa. Mizizi ikikosa pumzi inashindwa kuvuta maji, na mche unanyauka miguu yake ikiwa ndani ya maji. Mama anaona majani yamelala, anafikiri ni kiu, anaongeza ndoo ingine. Kumbe anaumaliza.

Tena kuna gesi inaitwa etileni. Munaijua bila kujua jina: ndiyo inaivisha ndizi tunazovundika. Mizizi ya nyanya ikikosa hewa, inatuma juu kitu ambacho majani yanakigeuza kuwa etileni, na majani yanainama. Gesi hiyo hiyo, ikiwa kwa kipimo, inaamuru shina litoe mizizi mipya karibu na uso wa maji, pale hewa iko. Amateke na mpunga zinajua kazi hiyo tangu zamani, ziko na njia za hewa ndani ya mwili. Nyanya inajaribu, lakini mara nyingi inachelewa.

Sasa, wataalamu wanajaribu kuingia katikati ya mambo hayo. Kuna paklobutrazoli, inayozuia mche kurefuka, unabaki mufupi na shina nene. Kuna asidi salisiliki, ndugu ya aspirini, inayoamsha kinga ya mche. Kuna zingine zinazochelewesha majani kuzeeka. Dawa hizi zinapewa mche kabla ya maji, kwa kipimo kidogo sana, na kweli kuna majaribio ambapo miche iliyopewa ilivumilia kuliko ile haikupewa. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa kwenye vyungu, ndani ya nyumba za plastiki, na mutu mwenye mizani ya kupima miligramu. Katoyi tunapima na kizibo cha chupa. Paklobutrazoli ikizidi, mche unadumaa kabisa, na dawa inabaki kwenye udongo miezi mingi ikingojea mboga ya kesho.

Hatari kubwa zaidi ni kwamba "homoni" si dawa moja. Jiberelini, kwa mfano, inafanya kinyume cha paklobutrazoli: inarefusha. Mujapani Kurosawa aliigundua kazi yake mwaka wa 1926 akichunguza ugonjwa uliofanya mpunga urefuke kama mwenye wazimu kisha uanguke. Ukimwagia mche wa nyanya hiyo kabla ya mvua, unapata fimbo nyembamba ya kulala kwenye matope. Na ethefoni, ambayo wauza matunda wanaitumia kuivisha, inatoa etileni. Ni kuongeza gesi juu ya mche ambao umeshajaa gesi. Dawa tatu, kazi zinapingana, na zote tatu mutu anaweza kuziita homoni bila kusema uongo.

Katika masoko yetu dawa za mashamba mara nyingi zinapimwa kwenye vichupa vidogo bila karatasi. Nani kati yetu anakubali kuuza kolta kwa kuangalia rangi tu? Tunadai mashine, tunadai teneur, tunagombana juu ya kila pointi. Kiroba bila etiketi kilikuwa hakipiti (hata kama etiketi zenyewe ziko na hadithi zake, tunazijua). Lakini makuta ya mashimo yale yale yakifika nyumbani, yananunua maji ya rangi bila jina. Mama, usinunue kichupa kisicho na jina la dawa, kipimo na tarehe. Muuzaji akikasirika, umeshapata jibu.

Kuna njia ingine isiyohitaji kichupa. World Vegetable Center, kituo cha mboga chenye makao Taiwan na ofisi Arusha tangu 1992, kilionyesha kwamba nyanya ikiunganishwa juu ya shina la biringanya inavumilia maji, kwa sababu mizizi ya biringanya ni migumu kuliko ya nyanya. Unakata mishina miwili mishazari, unaibana, unaiweka kivulini siku kadhaa. Si kila biringanya inafaa, wao walichagua aina zake, lakini ni kazi ya wembe na mikono yenye subira. Wanafunzi wa agronomia tuko nao hapa Goma. Waje wajaribu na biringanya zetu, kwenye viwanja vyetu, si kwenye karatasi ya diplome.

Wakati tunangojea, inua kitalu. Makoro yaliyopondwa chini, udongo juu, ao kiroba kilichotobolewa matako. Sentimetre 20 juu ya kiwanja zinaipa mizizi hewa ambayo hakuna homoni inaweza kuipa.

Na mufereji? Kila wiki tunaitwa salongo, tunafagia mbele ya mulango, maji yanarudi jioni. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwisho wa 2024 kwamba kodi za kolta ya Rubaya zinaletea M23 karibu dola 800,000 kila mwezi. Kolta hiyo inachimbwa na watu ambao miche ya bibi zao inaoza Katoyi. Sisi wa sendika tunaomba jambo moja la kuanzia: kabla ya mvua za mwezi wa tisa, wenye kukusanya kodi hizo watume injenia apime njia ya maji kutoka avenyu zetu, na hesabu yake ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya kartie, mahali kila mutu anaweza kuisoma.