Kukumbuka Kwenu si Kudai Kwenu

Hivi karibuni niliwapeleka wanafunzi wangu wa mwaka wa tano katika Makumbusho ya Kandt, hapa Nyarugenge mjini Kigali. Richard Kandt alikuwa daktari na mvumbuzi wa Kijerumani, na ndiye aliyeweka makao ya utawala wa Wajerumani hapa Kigali mnamo mwaka 1907. Alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Posen. Jioni ya siku hiyo mwanafunzi mmoja aliutafuta mji huo kwenye ramani, na kesho yake akaja darasani uso umekunjamana.

"Mwalimu, Posen haipo Ujerumani. Ipo Poland, nayo inaitwa Poznań. Je, huyu mzee alikuwa Mjerumani au Mpoland?"

Kabla sijajibu, mwenzake akadakia: "Na kama ulikuwa mji wao, mbona hawaudai?"

Swali la kwanza lilikuwa jepesi. Kandt alipozaliwa, Posen ilikuwa chini ya Prussia, dola iliyoutwaa mji huo mwaka 1793 Poland ilipogawanywa na majirani zake. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliirudisha sehemu kubwa ya jimbo hilo kwa Poland iliyofufuka. Swali la pili ndilo lililoninyima usingizi, nami nalijibu hapa kwa wale waliokuwepo darasani na kwa wasiokuwepo.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Mkataba huohuo wa Versailles uliwanyang'anya Wajerumani makoloni yao, Rwanda na Burundi zikiwemo. Wajerumani wengi wa zama hizo waliyaweka yote katika kapu moja na kuyaita ardhi iliyopotea. Mimi nakataa kuyaweka pamoja. Koloni ni nyumba ya mtu uliyoingia bila kupiga hodi. Ukitolewa humo hujapoteza kwako. Ninayoyazungumzia leo ni mambo mengine: miji na vijiji ambamo vizazi vya watu wanaozungumza Kijerumani walizaliwa, wakaoana, wakazikana, na wakatunga fikra ambazo ulimwengu mzima unazisoma hadi leo.

Tazama Königsberg, mji mkuu wa Prussia ya Mashariki. Uliasisiwa mwaka 1255, na chuo kikuu chake kikafunguliwa mwaka 1544. Hapo ndipo alipozaliwa mwanafalsafa Immanuel Kant mwaka 1724, na hapo ndipo alipofariki mwaka 1804, bila ya kuwahi kusafiri mbali na mkoa wake. Madaraja saba ya mji huo yalimpa mwanahisabati Leonhard Euler fumbo lililozaa tawi zima la hisabati: je, mtu anaweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu? Euler alithibitisha kwamba haiwezekani. Leo mji huo unaitwa Kaliningrad, nao ni wa Urusi.

Tazama pia Silesia, ambayo mji wake mkuu, Breslau, sasa ni Wrocław ya Poland. Mwaka 1844 wafuma nguo maskini wa Silesia waliasi dhidi ya matajiri waliowapunja ujira. Gerhart Hauptmann, mzaliwa wa Silesia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912, aliugeuza uasi huo kuwa tamthilia. Käthe Kollwitz, mzaliwa wa Königsberg, akauchora katika picha ambazo hadi leo zinamshika mtazamaji moyo. Ukienda Danzig, ambayo sasa ni Gdańsk, utakuta alikozaliwa mwanafalsafa Arthur Schopenhauer, na karibu karne moja na nusu baadaye akazaliwa Günter Grass, aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 1999. Ukiiondoa miji hii mitatu katika utamaduni wa Kijerumani, kinachobaki ni kanzu iliyokatwa mkono mmoja.

Basi ilipoteaje? Vitabu vingi vitakuambia mwaka 1945. Wakati huo majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia, na washindi waliokutana Potsdam wakaiweka ardhi iliyo mashariki ya mito Oder na Neisse chini ya Poland na Urusi ya Kisovieti. Wajerumani wapatao milioni 12 walikimbia au kufukuzwa kutoka huko na kutoka nchi nyingine za Ulaya ya Mashariki. Wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee, wakitembea juu ya theluji huku wakikokota mikokoteni. Tusiyadogoshe mateso yao. Mtoto aliyekufa kwa baridi njiani hakuwa ametangaza vita na mtu yeyote.

Hata hivyo, mimi nasema upotevu ulianza mwaka 1933, kabla ya risasi ya kwanza. Mwaka huo Wanazi walipotwaa madaraka, Hannah Arendt, mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyekulia Königsberg, alilazimika kuikimbia Ujerumani. Max Born, mwanafizikia mzaliwa wa Breslau, aliondolewa kazini kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi; baadaye alipata Nobel akiwa ameshachukua uraia wa Uingereza. Wayahudi ambao hawakuwahi kuondoka walisafirishwa kwenda kuuawa. Kisha, tarehe 1 Septemba 1939, vita vikaanza, na Danzig ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza palipopigwa mabomu. Raia wa Poland wapatao milioni 6 waliangamia, nusu yao wakiwa Wayahudi. Utawala uliopiga kelele kuliko wote kwamba unalinda ardhi ya Wajerumani ndio uliowafukuza wana bora wa ardhi hiyo, na mwishowe ukaipoteza ardhi yenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Hapa narudi kwenye somo langu la lugha. Wajerumani wana neno *Heimat*, nasi katika Kiswahili tuna neno lililo bora kwa ufupi wake: *kwetu*. Ulichambue neno hilo. *Ku-* inaonyesha mahali, *-etu* inaonyesha wenyewe. Lakini sarufi yetu ina hekima isiyosemwa: mahali palepale panaweza kuwa *kwetu* kinywani mwangu na *kwetu* kinywani mwako, na sisi sote tukasema kweli.

Hivyo ndivyo ilivyo Wrocław. Baada ya vita waliletwa humo Wapoland, wakiwemo waliotoka Lwów, mji ambao nao uliondolewa Poland na leo unaitwa Lviv, nchini Ukraine. Walikuja na maktaba yao mashuhuri ya Ossolineum, wakaanza maisha katika nyumba za watu wengine waliofukuzwa. Waliopoteza kwao walikaa vitini mwa waliopoteza kwao. Leo wajukuu wao wanaona fahari kulitunza Jumba la Karne, ambalo msanifu wa Kijerumani Max Berg alilijenga kabla ya vita vya kwanza, na ambalo limo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2006. Hata Kaliningrad, kaburi la Kant limebaki kando ya kanisa kuu, na chuo kikuu cha huko kinabeba jina lake. Urithi haukufa; ulibadilisha mikono.

Sasa swali la mwanafunzi wangu: mbona hawaudai? Wapo waliodai. Kwa miaka mingi baada ya vita, wanasiasa wa Ujerumani Magharibi walipata kura kwa kuahidi kwamba ramani haijafungwa. Lakini waliofukuzwa wenyewe, katika tamko lao la mwaka 1950, walikuwa wamekana kisasi. Desemba 1970, Chansela Willy Brandt alikwenda Warszawa kutia saini mkataba uliotambua mpaka wa Oder na Neisse. Aliongozana na waandishi wawili waliozaliwa katika ardhi iliyopotea: Günter Grass, na Siegfried Lenz wa Prussia ya Mashariki. Alialikwa pia Marion Dönhoff, mwandishi wa habari aliyeikimbia Prussia ya Mashariki akiwa juu ya farasi mwaka 1945. Yeye aliiunga mkono sera hiyo kwa kalamu yake, lakini siku ilipofika hakwenda. Hakuweza kuinua glasi kwa ajili ya kupotea kwa kwao. Nampenda kwa yote mawili. Akili yake ilikubali, na moyo wake haukulazimishwa kushangilia. Mwaka 1990, Ujerumani iliyoungana ilithibitisha mpaka huo mara moja na kwa daima.

Lenz naye aliandika riwaya, *Heimatmuseum*, iliyotoka mwaka 1978. Mhusika wake mkuu ni mfumaji aliyekusanya masalia ya kwao kwa miaka mingi, kisha akayachoma moto kwa mkono wake ili yasitumiwe na wachochezi. Nakubaliana na hofu yake, lakini sikubaliani na moto wake. Kumbukumbu ikichomwa, mchochezi habaki mikono mitupu: atatunga nyingine, na hapatakuwa na mtu wa kumsuta.

Niwaambie kwa nini jambo hili linanigusa. Mimi nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi kutoka Rwanda. Kiswahili hiki ninachowafundisha nilikinyonya huko, kwa watoto wa jirani, tukichunga mbuzi na kuvunja kahawa. Tuliporudi nilikuwa mtoto. Hadi leo nikisikia lafudhi ya Karagwe sokoni, miguu yangu husimama yenyewe. Kule pia ni kwetu. Lakini sidai hata shina moja la mgomba, na mtu akija kuniambia kwamba machozi yangu ni hati ya shamba, nitajua anataka kunipeleka vitani.

Katika ukanda wetu wa Maziwa Makuu, mipaka mingi ilichorwa na wageni, na ndimi zimekatwa katikati na mistari hiyo. Ramani za kale husambaa mikononi mwa vijana, wakiambiwa kwamba mlima fulani ulikuwa wetu. Kijana anayeifahamu historia ya Königsberg atauliza maswali mawili kabla ya kuitikia. La kwanza: ni nani anayeishi huko leo, naye anapaitaje? La pili: huyu anayenililia ardhi iliyopotea amewatendea nini majirani alionao?

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, jibu langu ni hili. Hawaudai kwa sababu walijifunza, kwa gharama ya kutisha, kwamba kukumbuka na kudai ni vitenzi viwili. Kitenzi cha kwanza kina nafasi kwa watu wengi. Cha pili humtaka mmoja atoke. Kesho njoo darasani na sentensi tano zenye neno *kwetu*. Ukimaliza, muulize nyanya yako kwao ni wapi, kisha umsikilize hadi mwisho.