Kujiandaa si Kuita Balaa

Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza kwamba Kimbunga Hidaya kinaisogelea pwani, na watu wakasikia. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisitisha safari, wavuvi wakatakiwa wabaki nchi kavu, na kila simu ikawa inapitisha taarifa ya hali ya hewa. Haya ni mabadiliko ya kushukuru, maana zamani tangazo la namna hiyo lingesikilizwa na wachache tu.

Lakini mabadiliko hayo yameishia barazani, ndani ya nyumba hayajaingia. Uliza katika nyumba nyingi za mijini kwetu maji ya akiba yako wapi, vyeti vimehifadhiwa wapi, nani anajua kuufunga mtungi wa gesi, na watoto wakikimbia usiku wakutanie wapi. Utakuta kimya. Ukiuliza kwa nini, utapewa sababu ambazo sote tumezizoea. Nazijibu hapa moja baada ya nyingine, kwa sababu ninaamini zinagharimu maisha ya watu.

Dai la kwanza: “Majanga makubwa ni ya Wajapani na Wamarekani. Huku kwetu hakuna.”

Yapo, ila tumeyasahau. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangamiza meli za Sultani Barghash zilizokuwa bandarini na kung’oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba ilisalimika, na hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya iwe kisiwa cha karafuu hadi leo. Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, kimbunga kingine kiliivunja Lindi.

Tuje karibu zaidi. Desemba 2011 mvua kubwa ziliifurikisha Dar es Salaam, watu zaidi ya 40 wakafa, na familia za Bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa Mkoa wa Kagera, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang, vikaifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezibwa chini ya njia ya reli yalifumuka karibu na Mai Mahiu, Kenya, yakasomba watu waliokuwa wamelala.

Hata ukiyaweka kando yote hayo, bado kuna moto wa jikoni, nyaya mbovu na kipindupindu kinachofuata mafuriko. Janga la nyumba moja halitangazwi redioni, lakini kwa walio ndani yake ni janga kamili.

Dai la pili: “Kujiandaa kwa mabaya ni kuyaita. Mwenye imani humwachia Mungu.”

Dai hili ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa linatoka mahali pa heshima. Ndiyo maana lijibiwe kutoka palepale. Waislamu na Wakristo wote wanakijua kisa cha Nabii Yusufu huko Misri: miaka saba ya neema, kisha miaka saba ya njaa. Yusufu alijua njaa inakuja, akaweka nafaka ghalani mwaka hadi mwaka, na maandalizi yale yakaiokoa Misri na ndugu zake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia kwamba ghala lake linaita njaa. Waislamu wanafundishwa pia habari za yule mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu, akaelekezwa amfunge kwanza ndipo ategemee.

Wazee wetu nao walikuwa na imani, na walijiandaa. Mkulima alikuwa na kihenge, na hakula mbegu za msimu ujao. Nahodha wa jahazi alijua miezi ya kaskazi na ya kusi, na hakutweka tanga kwa kubahatisha. Aliomba dua bandarini, kisha akakagua kamba zake. Kilichobadilika ni maisha yetu. Tumehamia mijini, tunanunua unga wa siku moja na maji ya siku moja, kisha upungufu huo tunauita tawakali.

Dai la tatu: “Watu wa hali ya hewa wanakosea kila mara. Waliposema mvua, jua likawaka.”

Utabiri ni makadirio ya uwezekano, na haujawahi kudai kuwa ahadi. Ukiambiwa uwezekano wa mvua kubwa ni wa kiwango cha kati, maana yake inaweza kunyesha na inaweza isinyeshe. Tunachokumbuka ni lile onyo lililopita bila janga. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Oktoba 2023 serikali ya Kenya iliwatuliza wananchi kwamba El Niño iliyohofiwa isingekuja. Mwezi uliofuata mafuriko yakaua watu na kuwaondoa maelfu majumbani mwao.

Fikiria pia tarehe 26 Desemba 2004. Mawimbi ya tsunami yaliyoanzia Sumatra yalichukua saa nyingi kuivuka Bahari ya Hindi. Somalia, ambako hakukuwa na mamlaka ya kutoa onyo, watu karibu 300 walikufa. Tanzania walikufa watu wapatao 10. Kenya ilipata habari mapema ikaamuru watu waondoke ufukweni, na huko alikufa mtu mmoja. Umbali na maumbile ya pwani vilichangia tofauti hiyo, lakini mtu aliyeondolewa mchangani kabla ya wimbi kufika alisalimika kwa sababu ya onyo.

Na Hidaya je? Kilipungua nguvu kilipofika nchi kavu karibu na Mafia, na wapo waliosema tulitishwa bure. Waulizwe wakazi wa Kilwa na Lindi. Mvua zake ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga, magari yakakwama, na bidhaa zikashindwa kwenda kusini. Kimbunga kilichodhoofika kiliweza hayo. Aliyekuwa na unga ndani hakuhangaika kama aliyekuwa akisubiri lori.

Dai la nne: “Hiyo ni kazi ya serikali.”

Ni kazi ya serikali, na tusiipunguze. Mitaro isiyozibuliwa, viwanja vilivyogawiwa mabondeni, majengo yaliyopandishwa bila ukaguzi na magari ya zimamoto yasiyotosha ni mambo ambayo familia haiwezi kuyatatua kwa tochi na dumu la maji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya Tanzania ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Mwananchi ana haki ya kumuuliza mwenyekiti wake wa mtaa: kamati yetu iko wapi, na mara ya mwisho ilikaa lini?

Lakini saa ya kwanza haina serikali. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, waliokuwa karibu ndio walioanza kufukua vifusi, wengine kwa mikono mitupu. Maji yakiingia chumbani saa nane usiku, atakayemwamsha bibi ni mjukuu wake, na atakayembeba mlemavu ni jirani. Gari la zimamoto litakuja, ila litapita kwenye foleni ileile na vichochoro vilevile tunavyopita sisi. Maandalizi ya nyumbani ni ya kuwafikisha watu wako wazima hadi msaada utakapofika. Kuidai serikali na kujiandaa ni majukumu mawili, na moja halifuti jingine.

Dai la tano: “Hayo ni mambo ya wenye pesa. Mimi cha leo sijakipata.”

Hoja hii ina ukweli ndani yake. Anayepanga chumba kimoja na kulipwa kwa siku hawezi kujaza stoo, na kumwambia anunue jenereta ni kumdharau. Lakini hebu tuhesabu kinachohitajika hasa.

Mtu anahitaji lita tatu hivi za maji ya kunywa kwa siku. Familia ya watu sita kwa siku tatu ni lita 54, yaani madumu matatu ya lita 20, yaliyofunikwa vizuri na kubadilishwa maji mara kwa mara. Nyumba nyingi zina madumu hayo tayari, ila hukaa matupu hadi bomba likatike. Vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, kadi ya kliniki na hati ya kiwanja vinatosha katika mfuko mmoja wa plastiki uliofungwa, ukaning’inizwa juu karibu na mlango. Namba za ndugu ziandikwe kwenye karatasi, maana simu ikizima chaji hakuna anayezikumbuka. Noti chache ziwekwe kando, kwa sababu mtandao ukikatika pesa iliyo kwenye simu hainunui mkate.

Mengine hayagharimu hata senti moja. Familia kukubaliana mahali pa kukutana nje ya nyumba ni bure. Kujua kwamba Tanzania zimamoto hupigiwa 114 na polisi 112, na kwamba Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa 1199, ni bure. Kujua dawa ya mtu anayeharisha pia ni bure: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anyweshwe kidogo kidogo akiwa njiani kwenda kituo cha afya, pale ambapo pakiti ya chumvichumvi haipo.

Asiye na pesa ndiye anayehitaji maandalizi zaidi. Tajiri aliyefurikiwa atalala hotelini. Mwenzake aliyepoteza vyeti na godoro atahangaika mwaka mzima kuvirudisha.

Dai la sita: “Tutajua mbele kwa mbele.”

Kauli hii ina ushujaa, na kweli Waswahili tunajua kujiokoa. Lakini kuna mambo yasiyojulikana mbele kwa mbele, kwa kuwa hakuna muda wa kufikiri. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutanda sakafuni. Anayeingia jikoni gizani huwasha taa kwa mazoea, na cheche ndogo ya swichi inaweza kuilipua nyumba. Inatakiwa usiwashe wala kuzima chochote cha umeme, ufunge mtungi kama unaufikia kwa usalama, ufungue milango na madirisha, kisha utoe watu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mitungi itaongezeka, na elimu yake lazima iingie nayo nyumbani.

Ndivyo ilivyo kwa maji ya mafuriko. Yakienda kasi, kina cha sentimita 15 tu kinaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 huchukua magari mengi. Dereva anayesema “nitapita tu” hujifunza hilo katikati ya daraja.

Na kuna majanga yanayokaa. Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, na haukurudi hadi Machi 2010, miezi mitatu baadaye. Mwaka 2008 ulikuwa umeshakatika kwa takriban mwezi mmoja. Umeme ulipokosekana pampu zilisimama, na pampu ziliposimama maji nayo yakawa ya kuhangaikia. Watu walirudi visimani. Mtaa wenye kisima kinachotunzwa na majirani wanaojuana ulistahimili kuliko mtaa wa mageti yaliyofungwa. Ujirani wenyewe ni maandalizi, nao hauwezi kuanzishwa siku ya janga.

Basi tufanye nini?

Tangazo la Hidaya lilionyesha kwamba masikio yetu yamefunguka, sasa ni zamu ya mikono. Masika huanza Machi na vuli Oktoba. Kabla ya kila msimu, chagueni jioni moja baada ya chakula, nyumba nzima mkiwa pamoja. Jazeni madumu, wekeni vyeti pamoja, mfundisheni kila mtoto mkubwa kufunga mtungi wa gesi, kubalianeni pa kukutania, na amueni nani atamshika bibi mkono na nani atambeba mtoto mchanga. Kisha gongeni mlango wa jirani mmoja mumuulize kama naye ameshafanya. Jioni moja inatosha kuanza, na anayeianza leo ameshawatangulia wengi.