Kulipwa Kushop kwa Siri: Hii Gig Inaweza Lipa Rent ama Ni Hewa?

Hilo tangazo ushaliona. Limetupwa kwa grupu ya WhatsApp ya mtaa, katikati ya msee anauza sofa na mwingine anatafuta bedsitter ya bei poa: "Lipwa ukishop! Ingia supa, nunua vitu, jaza fomu, pokea doo." Na vile umesota tangu tarehe kumi, unajiuliza, kwani ni nani hajui kushop?

Kabla hujaandika jina na namba ya kitambulisho, kaa hapo kidogo tupige hesabu. Kwa sababu hii kazi iko, si story za jaba. Inaitwa mystery shopping, yaani wewe unakuwa mteja wa siri. Benki, supa, sheli, hoteli ama kampuni ya simu inataka kujua nini hufanyika kwa kaunta bosi akiwa hayuko. Inalipa kampuni ya utafiti, na hiyo kampuni inatafuta mtu wa kawaida kama wewe aingie, aangalie, atoke, aandike ripoti. Ipsos, wale wa kura za maoni unaowasikia kila uchaguzi ukikaribia, ni mojawapo ya kampuni kubwa za dunia zinazofanya hii kitu. Kuna hadi chama cha hizi kampuni, MSPA, chenye tawi la Ulaya na Afrika. Kwa hivyo swali la kama ni kazi halali tushalimaliza. Swali ni doo.

Tuchukue mfano. Uko Kayole. Unapewa gig ya 800 bob: enda tawi la benki katikati ya jiji, ulizia kufungua akaunti, angalia vile unahudumiwa. Rahisi, si ndio?

Anza kuhesabu kutoka mahali kazi inaanzia kweli, si pale unapoingia kwa mlango. Nusu saa ya kusoma maagizo, na usiyaruke, nitakwambia ni kwa nini. Mat ya kwenda, saa moja kama Jogoo Road haijakwama. Ndani ya benki, foleni pamoja na maswali, dakika 40. Mat ya kurudi, saa nyingine. Halafu ukifika keja unafungua fomu, na hiyo fomu si ya kutiki tu. Inataka uandike kwa sentensi kamili: uliingia saa ngapi, kaunta ngapi zilikuwa wazi, ulingoja dakika ngapi, aliyekuhudumia alikuwa na kibandiko cha jina, alikusalimia kwanza ama wewe ndio ulianza, alikueleza makato ama alikuruka. Hiyo ni saa moja na robo kwa mtu ambaye hajazoea. Jumla, karibu saa nne na nusu.

Sasa toa gharama. Fare ya kwenda na kurudi, tuseme 150. Bundles za kutuma picha na fomu, 50. Unabaki na 600. Gawanya kwa saa nne na nusu, unapata kama 133 bob kwa saa.

Usicheke. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Novemba 2024 kwa mfanyakazi wa kawaida Nairobi kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila pesa ya nyumba. Kwa wiki ya saa 52, hiyo ni karibu 72 bob kwa saa. Kwa hivyo ukiangalia saa moja moja, mteja wa siri anampiku msee wa kubeba magunia godown, na anafanya hiyo kitu akiwa amevaa shati safi. Watu wakisema hii kazi hailipi, mara nyingi wanaangalia kitu mbaya. Saa inalipa. Shida iko kwa mwezi.

Ndio ufikishe hiyo 16,113 kwa gig za namna hii, unahitaji 27. Ishirini na saba! Kwa mwezi mmoja! Na hapo ndio story huvunjika, kwa sababu kampuni hazitaki uso mmoja urudi kwa tawi moja kila wiki. Ukishaenda leo, unapumzishwa miezi kadhaa, la sivyo yule wa kaunta atakukumbuka na siri iishe. Pia kila raundi iko na idadi yake: matawi kumi, ziara kumi, na watu wa Nairobi waliojisajili ni wengi kuliko hizo nafasi. Ukikaa Thika, Kisumu ama Mombasa, ushindani unaweza kuwa mdogo, lakini na kazi zenyewe pia zinakuwa kidogo. Mwezi mzuri unaweza kupata nne. Mwezi mbaya unapata ile meseji ya "tutakujulisha."

Kwa hivyo mtu akikwambia ameacha kibarua juu ya hii, mshike mkono umuulize polepole kama yuko sawa.

Halafu kuna hii ya float, na ndio huumiza vijana zaidi, lakini matangazo huiruka kama mtaro. Gig nyingi zinataka ununue kwanza kwa pesa yako, kisha urudishiwe ripoti ikikubaliwa. Tuseme ni hoteli ya kuku. Utarudishiwa hadi 1,200 za chakula, na juu yake uongezewe 200 za kazi. Unaona ni kama umelipwa 1,400 na umekula. Lakini hebu angalia tena. Umetoa 1,200 leo. Malipo yanaweza kuchukua mwezi, hata miezi miwili, kulingana na mkataba wako na wao. Kwa huo muda, 1,200 yako imelala kwa meza ya mtu mwingine. Kama ilitoka kwa Fuliza, kila siku inakatwa kitu kidogo, na hiyo 200 yako inaisha kabla haijafika. Kuku ulikula, ni sawa, lakini caretaker hapokei mifupa.

Sheria yangu ni hii, na si lazima ukubali: chakula si mshahara mpaka kiwe ni chakula ungenunua hata bila gig. Kama ungekula pale Ijumaa na mbogi hata hivyo, basi hiyo ni lunch ya bure na soo mbili juu, chukua haraka sana. Kama hungewahi kukanyaga hapo, wewe ndio umewakopesha.

Sheli nayo ni hivyo hivyo. Ukipewa gig ya kuangalia kama pampu imeanza kwa sufuri na kama umepewa risiti, na huna gari, utaweka mafuta wapi, kwa mfuko? Lakini msee wa boda anayejaza kila asubuhi, huyo anakula hiyo gig bila jasho. Hii ndio siri yenyewe ya hii kazi, na si siri kubwa: inalipa pale ambapo ulikuwa unapita tu. Kama unafanya kazi Westlands na kuna tatu zimetokea Westlands siku moja, fare ni moja, gig ni tatu. Hapo 133 inaweza kufika 200 na kitu kwa saa. Mwanafunzi wa chuo katikati ya jiji, mtu wa delivery, mama mwenye duka anayeenda jumla kila wiki, hao hesabu yao inakubali. Wewe wa kutoka Kayole, gig moja, asubuhi ya mvua? Lala tu.

Nilisema usiruke maagizo. Sababu ni kwamba ripoti ikikataliwa, mara nyingi hulipwi chochote, na ile pesa uliyonunulia vitu pia haurudishiwi. Na zinakataliwa kwa vitu vidogo sana. Risiti haionyeshi saa vizuri kwa picha. Uliambiwa uende kati ya saa sita na saa nane, ukafika saa nane na dakika tano. Umesahau jina la aliyekuhudumia. Umetuma siku ya pili badala ya usiku ule ule. Ukitoka tu mlangoni, simama kando, andika kwa simu kila kitu kabla mat haijakutoa akili.

Kuna kitu kingine huongelewi, na mimi kinanisumbua. Yule dem wa kaunta unayemchunguza, anaweza kuwa analipwa hiyo hiyo 16,000 na kitu. Amesimama tangu asubuhi. Ukiandika "hakutabasamu," hiyo tiki inaenda kwa meneja wake, na kwa kampuni zingine inagusa bonasi yake. Sisemi udanganye. Ripoti ya uongo ni wizi, na ndio kazi uliyolipiwa. Nasema andika kile umeona, si kile umehisi. "Nilingoja dakika 11, kaunta mbili kati ya sita zilikuwa wazi" inamwambia bosi aajiri watu. "Alikuwa na mdomo" inamchoma dem peke yake. Na ukiambiwa umrekodi sauti kisiri, uliza kwanza kama wafanyakazi waliambiwa kuwa hii kitu hufanyika. Tuko na Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na sauti ya mtu ni data yake.

Ikifanywa vizuri, hii kazi ina maana kuliko kutafuta tabasamu. Mwaka wa 2017 jarida la BMJ Global Health lilichapisha utafiti wa hapa Nairobi. Watu 14 walifunzwa kuigiza wagonjwa, mmoja na dalili za TB, mwingine pumu, mwingine maumivu ya kifua, mwingine mzazi wa mtoto anayehara, wakatumwa kwa vituo 42 vya afya kuona watahudumiwa aje. Madaktari hawakujua ni nani kati ya wagonjwa wao alikuwa wa kuigiza. Hiyo ni mystery shopping pia, ila hapo unafunzwa kwanza. Kama unapenda hii line, tafuta kazi za ukusanyaji data kwa kampuni za utafiti, zile za kuzunguka na tablet. Mara nyingi huko unalipwa kwa siku na fare imehesabiwa. Mteja wa siri inaweza kuwa mlango wa kuingilia, na ukituma ripoti safi mara kadhaa, unakuwa mtu wa kuitwa kwanza.

Sasa turudi kwa lile tangazo la WhatsApp, kwa sababu wakora washajua umesota.

Kampuni ya ukweli haikuombi pesa ndio ikusajili. Hakuna "activation", hakuna "training fee", hakuna "pesa ya badge". Ikiombwa hata mbao, hiyo si gig, wewe ndio gig. Kuna ile ingine ya kuanza poa: unalipwa 150 kwa kazi ndogo ya kulike video, unalipwa tena, unaanza kuamini, halafu unaambiwa uweke 2,000 ndio ufunguliwe "kazi za VIP." Hiyo 150 ilikuwa chambo. Unakumbuka ile Amazon Web Worker Africa ya 2021, iliyotumia jina la Amazon na haikuwa yao? Watu walikuwa wakilipwa vizuri kabisa, mpaka siku haikulipa.

Lakini ile mbaya kuliko zote haikuombi pesa. Inakutumia. Unaambiwa unachunguza huduma ya maejenti wa pesa za simu: utapokea 15,000 kwa laini yako, ubaki na 1,000 yako, utoe zingine na uzipeleke kwa namba fulani, kisha uandike vile ejenti alikuhudumia. Huko Marekani wamekuwa wakionywa miaka mingi kuhusu ndugu yake: unatumiwa cheki feki, unaambiwa uiweke benki na utume sehemu ya pesa "kuchunguza" huduma ya kutuma pesa, na cheki ikiruka deni ni lako. Toleo la hapa ni chafu zaidi kwa sababu hiyo 15,000 ni ya mtu mwingine aliyetapeliwa asubuhi. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ejenti ameandika jina lako kwa kitabu. DCI wakifuata hiyo njia, inaishia kwa mlango wa nani?

Kwa hivyo kabla ukubali yoyote, uliza vitu vinne kwa meseji, ndio ubaki na ushahidi: nalipwa siku ngapi baada ya ripoti, narudishiwa hadi pesa ngapi, ripoti ikikataliwa nini hufanyika, na mkataba uko kwa jina la kampuni gani. Msee wa ukweli atajibu kwa dakika tano, kwa sababu anaulizwa kila siku.

Na kama huyo wa WhatsApp bado anangoja "activation" yako ya 500, mwambie aikate kwa malipo yako ya kwanza. Halafu angalia kama hizo tiki mbili zitawahi kugeuka buluu.