LIKIZO NI HAKI, HATA YA KIJANA WA DUKANI



Hapa kwetu Masasi kudai bei nzuri ya korosho tunajua sana. Ni jambo jema. Lakini yule kijana anayesimamia mashine ya kusaga tangu alfajiri, yule dada anayeosha vyombo kwa mamantilie, yule anayeuza duka la jirani, je, likizo yao iko wapi?

Tumesikia wenye biashara wakisema: "Hiyo sheria ya makampuni na serikali. Mimi nina mtu mmoja tu." Si kweli, ndugu zetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuacha nje duka dogo. Mwajiriwa aliyetimiza miezi 6 kazini anastahili likizo ya siku 28 kwa mwaka, na mshahara wake juu. Akifiwa na mzazi, mume, mke au mtoto, apewe siku zisizopungua 4, asikatwe kitu.

Na sisi viongozi tusijifiche. Mlinzi wa ghala letu alipofiwa na mama yake tulimpa siku 2, tena tukamkata. Tulikosea. Fedha yake irudishwe, na kwenye kamati tumekwisha kusema.

Wengine watauliza: sasa nifunge duka? Hapana. Sheria inamwachia mwajiri kupanga wakati. Oktoba hadi Desemba ni msimu wa korosho, kila mkono unahitajika. Msimu ukiisha biashara inapoa. Hapo mwache mtu aende akapalilie shamba lake, akaone wazazi. Majirani wawili wanaweza kushikiana zamu.

Na fedha je? Kama unamlipa shilingi 240,000 kwa mwezi, weka pembeni 20,000 kila mwezi. Miezi 12 ikitimia, mshahara wa likizo upo, hukopi kwa mtu.

Ndugu, unyonyaji tuliukataa tangu Azimio la Arusha mwaka 1967. Mnyonyaji si lazima awe na kiwanda. Hata mwenye meza moja ya biashara anaweza kuwa mnyonyaji, asipojiangalia.

Hata jembe hunolewa. Basi kila mwenye mfanyakazi afike ofisini, aandike tarehe ya likizo kwenye daftari. Asiyejua kuandika asione haya, aje kisomo cha jioni. Hata sisi tulianzia huko.

Kazi na haki viende pamoja.

Katibu wa Tawi