Mtihani wa mpiga kura atausahihisha nani?

KIJIWENI na Rehema Mwakalinga

Kila uchaguzi ukipita, hoja ile ile huibuka kwenye daladala na makundi ya WhatsApp: kura isiwe ya kila mtu. Mpiga kura kwanza aulizwe bajeti hupitishwa na nani, diwani na mbunge wanatofautianaje. Akishindwa, abaki nyumbani. Wasemao hivyo si wajinga. Wamechoka kuona kanga na kilo ya sukari vikinunua miaka mitano.

Ila mchujo wa namna hiyo tulishauonja. Uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959 ulimtaka mpiga kura awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa unaotambuliwa na serikali. Waliojiandikisha walikuwa kama 60,000 katika nchi ya watu zaidi ya milioni 8. Juu ya hayo, kila mmoja alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU nusura ipasuke: Januari 1958, mjini Tabora, Nyerere alifanya kazi kubwa kuwashawishi wajumbe wakubali kushiriki, na Zuberi Mtemvu akaondoka kuanzisha chama chake.

Basi waliopita mchujo huo wakapiga kura, na wagombea wa TANU pamoja na wale iliowaunga mkono wakazoa karibu viti vyote. Chujio halikuchuja kitu. Karani mwenye cheti na mkulima aliyefungiwa nje walikuwa wanaijua shida ile ile. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza maelfu ya wanawake TANU, shule aliiacha mapema. Nionyesheni mtihani wa uraia ambao ungepima alichokijua.

Kwingine mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katiba ya jimbo la Mississippi, Marekani, ya 1890 ilimtaka mwombaji asome kifungu cha katiba, au akieleze akisomewa. Kifungu kilichaguliwa na karani wa Kizungu, na msahihishaji alikuwa yeye yeye. Mtu mweusi, hata awe mwalimu, alifelishwa. Iliendelea hivyo hadi sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965.

Kwetu nani angetunga maswali? Chama chochote kilichopo madarakani kingeanza na hili: “Taja mafanikio matano ya serikali.”

Ujinga wa siasa upo, sikatai. Lakini ibara ya 67 ya Katiba yetu, kwa upande wa elimu, inamtaka mbunge ajue tu kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Huyo ndiye atakayepitisha bajeti! Tukitaka mtihani, afanye yeye, uwanjani, kipaza sauti kikiwa mikononi mwa wananchi. Swali la kwanza naliandika mimi: mheshimiwa, halmashauri yetu ilipata hati gani kwenye ripoti ya mwisho ya CAG, na kwa nini?