Waziri Mkuu Asiye na Ufunguo

Tangu Oktoba 2022, Rishi Sunak alipoingia madarakani, kuna maneno nayasikia kila Uingereza inapotajwa, kijiweni na redioni, na hata kwa watu waliosoma: "Yule wananchi hata hawakumchagua." Nyuma yake hufuata la pili, kwamba nchi iliyobadilisha mawaziri wakuu watano, kuanzia Cameron hadi Sunak, ni nchi iliyochoka. Nayakataa yote mawili. Yanatufundisha vibaya juu ya uongozi, tena sisi ndio tunaoumia zaidi.

Wananchi wa Uingereza hawajawahi kumchagua waziri mkuu yeyote moja kwa moja. Julai 2024 chama cha Keir Starmer kilipata ushindi mkubwa, lakini jina lake lilikuwa kwenye karatasi za kura za jimbo moja tu la London, Holborn and St Pancras, na humo alipata kura 18,884. Kwingine kote watu walikuwa wakichagua wabunge wao. Mfalme humkabidhi serikali yule ambaye wabunge walio wengi wako tayari kusimama naye, basi. Hesabu kuanzia Churchill mwaka 1940 hadi Starmer: ni watu 18, na 11 kati yao waliingia mara ya kwanza bila uchaguzi mkuu, baada ya aliyewatangulia kung'oka au kuachia mwenyewe. Kwa hiyo Sunak aliingia kwa njia ambayo wengi walishaipita kabla yake.

Wala hakuna sheria iliyoianzisha kazi hii. Robert Walpole, anayehesabiwa kuwa wa kwanza, alishika Hazina mwaka 1721 akakaa zaidi ya miaka 20. Akiitwa "waziri mkuu" alikana, maana enzi hizo lilikuwa tusi, jina la mtu aliyejikweza juu ya wenzake na kumteka mfalme. Mwaka 1742 mfalme alikuwa bado anamtaka. Bunge ndilo lililomponyoka, katika kura iliyohusu mgogoro wa uchaguzi wa Chippenham, naye akafungasha. Hadi leo, kwenye mlango mweusi wa Downing Street nambari 10, bamba la shaba la kupitishia barua limechongwa cheo cha zamani, Lodi wa Kwanza wa Hazina, na jina la Waziri Mkuu halipo. Mlango wenyewe haufunguliwi kwa nje. Mkuu wa serikali akirudi usiku wa manane, lazima awepo mtu ndani wa kumfungulia.

Wanaonipinga hunitajia Liz Truss, aliyemtangulia Sunak. Ni haki yao, kwa sababu hasara aliyoileta ilikuwa ya kweli. Septemba 23, 2022 serikali yake ilitangaza kupunguza kodi kwa mabilioni ya pauni bila kueleza fedha zitatoka wapi. Hatifungani za serikali zikaporomoka, riba za mikopo ya nyumba zikapanda, na siku chache baadaye Benki Kuu ikalazimika kuingia sokoni kuokoa mifuko ya pensheni. Lakini tuulize nani alimweka pale. Katika duru ya mwisho ya wabunge wa Conservative, Sunak aliongoza kwa kura 137, Truss akafuata na 113. Kisha, kwa utaratibu ambao chama kiliuweka mwaka 1998, uamuzi ukatolewa mikononi mwa wabunge ukapelekwa kwa wenye kadi za chama, nao wakampa Truss kura 81,326 na ushindi. Wanaolalamika kwamba waziri mkuu achaguliwe na watu wengi zaidi nje ya Bunge wanatakiwa kulitazama tukio hili kwa makini. Kosa lilitoka nje ya Bunge, na waliolirekebisha ni wabunge waliofanya kazi naye kila siku. Siku 49 baada ya kuteuliwa alikuwa ameshaondoka, bila risasi wala kesi mahakamani.

Sisi tuliirithi kazi hii tukaitupa haraka. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika iliyopata uhuru mwaka 1961, na Kenyatta wa Kenya mwaka 1963. Tanganyika ilipogeuka jamhuri Desemba 1962, na Kenya Desemba 1964, cheo hicho kikafutwa. Kiliporudi Tanzania mwaka 1972 kilikuwa cha msaidizi wa Rais. Najua hoja za wakati ule: umoja, makabila, hofu ya mapinduzi. Sizidharau. Ila kilichopotea ni mkuu wa serikali ambaye wabunge wa chama chake wanaweza kumwambia Alhamisi "imetosha", na wiki inayofuata akawa mbunge kama wao. Badala yake tukapata wakuu wanaolijibu Bunge kwa neno moja lisilo na jibu: mimi nimechaguliwa na wananchi. Ndiyo maana roho inaniuma nikisikia kijana wetu akilitumia neno hilohilo kumdharau Sunak.

Margaret Thatcher alikuwa na kila sababu ya kulisema. Alishinda chaguzi kuu tatu, 1979, 1983 na 1987. Novemba 20, 1990 wabunge wa chama chake walimpa kura 204 dhidi ya 152 za Michael Heseltine. Alishinda, lakini kanuni ilitaka tofauti kubwa zaidi, na zilimpungukia kura nne tu. Kesho yake jioni mawaziri wake waliingia chumbani kwake mmoja mmoja, na wengi wao walimwambia uso kwa uso kwamba akiendelea atashindwa. Asubuhi ya Alhamisi akatangaza kung'atuka.

Lakini anayenigusa zaidi ni Neville Chamberlain. Mei 1940 jeshi la Uingereza lilikuwa limeshindwa Norway, na Bunge lilijadili kushindwa huko kwa siku mbili. Leo Amery, mbunge wa chama chake mwenyewe, alisimama akamwambia aondoke. Usiku wa Mei 8 kura zikapigwa: serikali 281, wapinzani 200. Kwa macho ya kawaida huo ni ushindi. Ila makumi ya wabunge wa upande wake walikuwa wamepiga kura pamoja na wapinzani, na wengine hawakupiga kabisa, na Chamberlain aliisoma namba ile kama inavyostahili kusomwa. Mei 10, siku ambayo majeshi ya Hitler yalivamia Uholanzi na Ubelgiji, alikwenda kwa Mfalme kujiuzulu, na jioni hiyo Churchill akaitwa. Hakuna mwananchi aliyepiga kura. Wala aliyeondoka hakufungwa wala hakukimbia nchi. Churchill alimweka katika baraza lake dogo la vita, na miezi ile ya hatari Chamberlain alikaa meza moja na mtu aliyechukua kiti chake, akifanya kazi chini yake, mpaka ugonjwa ulipomshinda. Novemba mwaka uleule akafariki.