“Jisaidie, Nami Nikusaidie”: Ni Neno la Mungu?



Mji wa Lamadi, wilayani Busega, mahali ambapo barabara kuu ya Mwanza na Musoma inakutana na ile iendayo Bariadi, ni mji wa watu wasiopenda kukaa bure. Alfajiri wachuuzi wa dagaa wamekwisha kupanga mafungu yao, na vijana wa bodaboda wanangoja abiria. Mahali kama hapa, mafundisho ya mafanikio hupata wasikilizaji wengi. Twayasikia redioni, twatumiwa katika simu, na siku hizi twayakuta hata katika nasaha za harusini. Mojawapo hutajwa kana kwamba ni aya ya Maandiko Matakatifu: Mungu amesema, “Jisaidie, nami nikusaidie.”

Hatuna budi kusema wazi kwamba neno hilo halimo katika Biblia, si katika Agano la Kale wala katika Agano Jipya. Wazo lake limo katika hekaya za kale za Wayunani, na Benjamin Franklin wa Marekani alilichapisha katika almanaki yake ya mwaka 1736.

Je, basi ni uongo mtupu? La hasha. Kitabu cha Mithali chamtuma mvivu akajifunze kwa chungu (Mit 6:6), na Mtume Paulo aliwaambia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile (2The 3:10). Anayetufundisha kuweka akiba, kutunza muda na kuacha ulevi atufundisha mambo mema, nasi twapaswa kumshukuru. Kosa huanza pale ushauri unapogeuka kuwa imani: pale mtu anapoambiwa kwamba yote yategemea fikra na bidii yake, na kwamba Mungu hungoja kwanza tuonyeshe uwezo wetu.

Kanisa lalifahamu kosa hilo tangu zamani. Mtakatifu Augustino alipambana nalo katika mafundisho ya Pelagio, na Mtaguso wa Kartago wa mwaka 418 ukalikataa. Papa Fransisko, katika Wosia wake wa Kitume “Gaudete et exsultate” wa mwaka 2018, alionya kwamba lingali likiishi kati yetu. Injili yaanzia upande mwingine: Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali dhaifu (Rum 5:6). Neema hututangulia, na bidii yetu ni jibu.

Tofauti hii si ya darasani tu. Tumkumbuke mkulima wa pamba wa mkoa wetu wa Simiyu katika msimu wa mwaka 2019. Alilima, akapalilia, akapulizia dawa, akafikisha pamba yake kwenye chama cha ushirika. Bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei katika soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakakaa miezi kadhaa bila malipo. Mkulima huyo alikuwa amejisaidia. Je, tumwambie kwamba hakuwaza vyema, au kwamba imani yake ilikuwa haba?

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Kanuni inayodaiwa kwamba haikosei kamwe lazima imtafute mkosaji inaposhindwa. Wengine hujilaumu wenyewe, hata wakaona aibu kuja jumuiya. Wengine humtafuta mkosaji kwa jirani, na huko ndiko ramli chonganishi inakopata wateja. Sisi wa Kanda ya Ziwa twaijua gharama yake: bibi zetu wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Rafiki zake Ayubu nao walidhani kila msiba una mkosaji wake. Lakini Bwana wetu, alipoulizwa ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, alikataa msingi wa swali lenyewe (Yn 9:3).

Hatari nyingine ni Maandiko kutumiwa kama chambo. Wengi wanaikumbuka DECI, iliyowaalika Watanzania “kupanda mbegu” za fedha ili “wavune” zaidi. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake, wakiwamo wachungaji. Lugha ilikuwa ya kibiblia. Kilichopotea ni akiba za wanyonge.

Hata aya za kweli zaweza kupotoshwa zikinyofolewa mahali pake. Neno la Paulo kwamba ayaweza yote katika yeye amtiaye nguvu (Flp 4:13) twaliona limebandikwa kwenye magari na maduka kama ahadi ya ushindi. Lakini Paulo aliliandika akiwa kifungoni, baada ya kusema kwamba amejifunza kushiba na kuona njaa. Ahadi ya Yeremia kuhusu mawazo ya amani na tumaini (Yer 29:11) walipewa watu walio uhamishoni, walioambiwa katika barua hiyohiyo kwamba wangengoja miaka 70, na kwamba wautafutie amani mji walimokaa.

Basi tufanyeje? Tusiogope kusikiliza, bali tujaribu yote na kulishika lililo jema (1The 5:21). Kila ushauri tuuulize maswali matatu. Je, unaacha nafasi ya Msalaba, au wawaahidi wote mafanikio? Je, wanifanya nimwone maskini kuwa ndugu, au mzembe? Je, nikifanikiwa, utaniacha nikimshukuru Mungu na kushirikiana na wengine, au nikizitazama ghala zangu kama yule tajiri mpumbavu (Lk 12:16-21)?

Maswali haya tuyapeleke katika jumuiya zetu ndogondogo. Na mwenzetu ambaye mavuno yake yameharibika, au aliyepoteza mtaji, tusimwendee na semina wala na lawama. Tumwendee tukiwa na debe la mahindi, na sala, na jembe la kumsaidia msimu ujao. Huenda huo ndio msaada wa Mungu alioungoja, naye Mungu ametaka umfikie kwa mikono yetu.